Karatasi isiyokunywa maji: wino upi hushika, rangi ipi hudanganya

Na Mwandishi Wetu, Mulanda

Mama mmoja anayenunua karanga katika vijiji vya Mulanda, wilaya ya Tororo, na kuzipeleka Busia alinisimulia hasara iliyompata msimu uliopita. Alipakia magunia kumi na mawili kwenye lori moja na mizigo ya wenzake watatu. Kila mmoja alikuwa ameandika jina lake kwenye kipande cha boksi na kukifunga kwenye mdomo wa gunia. Njiani mvua ikanyesha na turubai likavuja. Walipofika, vipande vile vya boksi vilikuwa vimegeuka uji.

Magunia yalikuwa meupe yote, kamba ni ile ile, na karanga za Mulanda hazina sura ya mwenyewe. Walibishana hadi jioni. Mama aliuza magunia kumi na moja, na la kumi na mbili hajui liliuzwa na nani. Anasema fedha zimeshasahaulika. Kinachomuuma ni kwamba mmoja wa wenzake wale, waliyesafiri pamoja kwa miaka, siku hizi husalimiana naye kwa mbali.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya nirudi Mulanda nikiwa na karatasi chache nyeupe za aina ambayo wachoraji wa nje wanaipenda na ambayo huku kwetu wengi bado hawajaishika: karatasi laini ya plastiki. Nilimwendea fundi mmoja wa kuandika mabango pale kituoni, nikamkuta ana rangi za kila namna kwenye makopo yaliyokatwa. Mama wa karanga naye akaja na magunia yake. Tukaweka karatasi mezani, tukaanza kujaribu kimoja baada ya kingine kuona ni kipi kinachoshika.

Ni karatasi gani hii?

Ukiitazama haraka utadhani ni karatasi nzuri ya ofisini. Ni nyeupe, laini, na inateleza kidogo kidoleni. Lakini haina chembe ya mti ndani yake. Imetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ile ile inayofumwa kuwa magunia ya mahindi na sukari, na inayomiminwa kuwa viti vya sherehe. Kiwandani huyeyushwa pamoja na unga laini wa madini, mara nyingi wa jamii ya chokaa, kisha huvutwa ikawa tandiko jembamba. Unga huo ndio unaoipa weupe na kuifanya ikubali wino kuliko plastiki tupu.

Inayojulikana zaidi kwa wachoraji ni Yupo, ya kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1969. Ipo nyingine, Tyvek, ya kampuni ya DuPont ya Marekani, lakini hiyo ni ya nyuzi za polithini zilizobanwa pamoja, na ukiishika unaona nyuzi zake. Tunayoizungumzia hapa ni ile laini kabisa.

Sifa zake mfanyabiashara atazielewa mara moja. Hailowi. Haichaniki kwa mkono, isipokuwa ukiwa umeikata pembeni kidogo. Hapo mpasuko hukimbia. Ukiitia kwenye beseni inaelea, kwa kuwa polipropilini ni nyepesi kuliko maji. Hivyo ndivyo unavyoweza kuipima dukani: omba kipande kidogo, kiloweshe, kikunje, jaribu kukichana. Karatasi ya kawaida iliyopakwa mng'ao itajifichua ndani ya dakika chache.

Sifa hizo hizo ndizo zenye mtego. Karatasi ya kawaida hunywa wino, na wino ukishanyweka hautoki. Hii hainywi chochote. Kila unachoandika au kuchora kinakaa juu yake, kama maji juu ya jani la mgomba. Kwa hiyo karatasi yenyewe itapita kwenye mvua salama, ila jina lako huenda lisipite.

Watu wa mpakani hili wanalijua kwa njia nyingine. Jaribu kuandika jina kwa rangi ya mafuta kwenye jerikeni la njano. Baada ya miezi michache rangi inabanduka magamba magamba. Ndiyo maana kina mama wengi huchukua chuma cha moto wakachoma herufi kwenye jerikeni lenyewe. Plastiki za jamii hii hazipendi kushikwa na rangi.

Tulianza na mikono

Somo la kwanza lilitokea kabla ya rangi yoyote. Fundi alishika karatasi kwa mikono aliyotoka kulia nayo, akapitisha brashi yenye rangi ya maji, na rangi ikakimbia alama za vidole vyake. Mafuta ya ngozi tu yanatosha kuifukuza. Dawa yake ni rahisi: osha karatasi kwa maji na sabuni kidogo, suuza, ikaushe, kisha ishike pembeni. Ukitaka haraka, pitisha kitambaa chenye spiriti.

Rangi za maji. Hizi ndizo zilizomfurahisha fundi zaidi. Juu ya karatasi ya kawaida rangi huingia na kutulia pale ulipoiweka. Hapa ilijikusanya madimbwi madimbwi, ikatembea, ikakutana na nyingine, na ilipokauka ikaacha mipaka kama ramani ya mto. Ilichelewa kukauka, kwa sababu maji hayana pa kwenda ila hewani. Kizuri chake ni kwamba kosa linafutika. Ukipitisha kitambaa kibichi, weupe unarudi, ingawa baadhi ya rangi kali huacha kivuli. Mwalimu wa sanaa mwenye wanafunzi wengi na karatasi chache anaweza kuitumia karatasi moja kwa mazoezi kadhaa.

Ubaya wake ni huo huo. Tone moja la mvua lililodondoka kutoka kwenye bati lilitoboa picha nzima. Anayetaka picha ya rangi za maji idumu lazima aipulizie vanishi ya kopo, tabaka nyembamba kadhaa, mahali penye hewa, au aifunike kwa kioo. Vanishi ya kupaka kwa brashi inaweza kuiburuta rangi.

Rangi za akriliki. Nazo huchanganywa na maji, lakini zikikauka hugeuka ngozi ya plastiki na hazirudi kuwa maji. Tulipaka tabaka jembamba, tukasubiri, tukamwagia maji. Halikutoka. Tabaka nene, hata hivyo, fundi aliliinua kwa ukucha likabanduka kipande kizima. Kwa hiyo akriliki ni ya kuaminika iwapo imepakwa nyembamba, juu ya karatasi safi, na ikaachwa ikauke vizuri kabla ya kuguswa.

Maka ya wino wa kudumu. Hapa ndipo mama wa karanga aliposogeza kiti. Maka za aina hii hutumia wino uliochanganywa na alkoholi. Alkoholi huruka haraka na rangi hubaki imeng'ang'ania. Tuliandika jina, tukahesabu dakika mbili, tukalitia karatasi kwenye beseni na kulisugua. Jina likabaki kama lilivyo.

Kisha tukamwonyesha upande wa pili. Tone la spiriti, au hata ile dawa ya kutakasa mikono tuliyoizoea wakati wa korona, linalifuta jina lile kama halikuwahi kuwapo. Hata maka ya ubao mweupe, ukiipitisha juu ya wino wa kudumu na kufuta kabla haijakauka, huuyeyusha na kuondoka nao. Wachoraji wanaufurahia ujanja huu, kwa kuwa kwa matone ya spiriti wanapata maua na mawingu yasiyopatikana kwa brashi. Kwa mwenye mzigo, ni onyo.

Maka ya ubao mweupe. Kwenye karatasi hii inaandika vizuri na kufutika kwa kitambaa kikavu. Mwenye duka la kubadilisha fedha au muuza samaki ambaye bei yake ya asubuhi siyo ya jioni anaweza kupata kibao cha bei kisichoisha. Asiichanganye tu na maka ya kudumu. Kwa mbali makopo yake yanafanana, na wauzaji wengine huziweka kwenye boksi moja.

Penseli, krayoni na chaki. Penseli laini inaandika, lakini inang'aa na kupakaa mkono. Penseli ngumu inateleza tu. Krayoni za nta hukubali tabaka moja, la pili halishiki. Chaki za rangi na mkaa ndizo zilizoshindwa kabisa: zinahitaji karatasi yenye ukwaruzo wa kushika vumbi lake, na hapa hakuna ukwaruzo. Ukipuliza, mchoro umehama. Peni ya kawaida ya kuandikia inaandika, ila wino wake wa mafuta huchelewa kukauka. Ukikunja karatasi mapema, jina linahamia upande wa pili.

Rangi ya mafuta. Fundi aliiamini kuliko zote kwa kuwa ndiyo inayomlisha. Anaipaka kwenye mabati, mbao na kuta. Lakini rangi hiyo huja na vimiminika vya kuyeyushia, kama thina na tapentaini, na vimiminika hivyo vinaweza kuivimbisha polipropilini ikajikunja. Juu ya hapo, mafuta hukauka polepole kwa kupigwa na hewa, na karatasi isiyonywa haisaidii lolote. Tulipaka pembe moja tu kwa tahadhari. Saa tatu baadaye ilikuwa bado inanata.

Asidhani mtu kwamba kila plastiki ina tabia hii. Yale mabango makubwa ya matangazo, ambayo yakishapitwa na wakati huwa paa la kibanda, ni ya plastiki nyingine iitwayo PVC. Hiyo hukubaliana na wino wenye vimiminika vya aina hiyo vizuri zaidi. Kinachofaa bango la PVC hakifai lazima karatasi hii.

Onyo kwa wenye mashine za fotokopi

Wauza vifaa vya ofisini wa Tororo na Busia wazingatie jambo moja. Mashine za fotokopi na printa za leza hubandika wino wa unga kwa joto kali, na polipropilini huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Karatasi ya kawaida ya aina hii ikipita humo inaweza kuyeyuka na kujizungushia roli, na roli ni gharama kuliko rimu nzima. Printa za wino wa maji nazo zitachafua tu, kwa sababu wino hauna pa kunyweka. Zipo karatasi za plastiki zilizotengenezwa maalumu kwa mashine hizo, na huandikwa hivyo kwenye pakiti. Isiyoandikwa, usiitie. Wala usiikaushe kwa mashine ya nywele kwa karibu, itapinda.

Jua nalo lisisahaulike. Maka nyingi za bei nafuu hutumia rangi zilizoyeyuka zinazofifia zikipigwa na jua kwa wiki kadhaa, nyekundu na zambarau zikitangulia. Nyeusi huvumilia zaidi, na akriliki huvumilia kuliko maka. Kibao cha kukaa nje kiandikwe kwa akriliki. Kibandiko cha safari ya siku tatu kinatosheka na maka nyeusi.

Tingatinga alijua lake

Kuchagua rangi kulingana na kinachopakwa siyo habari mpya katika ukanda huu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, hakununua turubai za wasanii wa Ulaya. Alichukua ubao laini wa kiwandani uliokuwa ukitumika kwenye ujenzi, akatumia rangi ya mafuta ya kung'aa iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Viwili hivyo vilielewana, na kutokana na uelewano huo kukazaliwa mtindo wa uchoraji unaouzwa leo kuanzia Zanzibar hadi Nairobi, ukiwa na jina lake.

Karibu zaidi na Mulanda kuna michoro ya kale kuliko hiyo. Upande wa Kenya, katika kaunti ya Busia, kuna mwamba wa Kakapel. Upande wa Uganda, wilayani Kumi, kuna miamba ya Nyero. Kote kuwili kuna michoro myekundu na myeupe iliyoachwa na watu walioishi hapa kabla mpaka haujachorwa. Nao walitafuta rangi ambayo mwamba ungeikubali.

Ukifika nayo mpakani

Kwa anayefikiria kuifanya karatasi hii biashara, jina "karatasi" linaweza kumponza. Katika vitabu vya forodha, karatasi ya kawaida iko sura ya 48. Matandiko ya plastiki, na hii ikiwemo, yako sura ya 39. Aliyejaza fomu akiandika karatasi tu anaweza kusimamishwa, mzigo ukafunguliwa, na ushuru ukahesabiwa upya. Andika ilivyo: karatasi ya plastiki, polipropilini, na uwe na pakiti yenye maelezo ya mtengenezaji.

Jambo la pili ni asili ya bidhaa. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya. Karatasi iliyotengenezwa Japani haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Kampala au Nairobi. Weka risiti na hati za ushuru uliolipwa.

Picha iliyochorwa yote kwa mkono ni habari nyingine. Michoro ya mkono ina sura yake, ya 97, pamoja na kazi nyingine za sanaa. Fundi wa Mulanda akichora picha ishirini na kuzipeleka Busia, anachokipeleka ni kazi ya mikono yake, na karatasi ni mahali tu ilipokaa. Aende akaulize mapema kwenye dawati la forodha. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018, maafisa wa nchi zote mbili wanapatikana chini ya paa moja, na swali ni bure.

Tatu ni sheria za plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa ya kufungia bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini nzito au kifungo. Karatasi ya kuchorea siyo mfuko. Lakini ukizifunga karatasi zako ndani ya kaveera ulilonunua upande wa Uganda, kitakachokukamatisha ni kaveera. Zifunge kwa boksi. Nchi zote mbili zina mamlaka ya mazingira yenye ufupisho ule ule, NEMA, na kila moja ina kanuni zake. Usidhani ruhusa ya moja ni ruhusa ya nyingine.

Nayo plastiki ni plastiki. Karatasi hii haiozi shambani. Kibandiko kikishamaliza safari kifutwe kwa spiriti na kitumike tena. Uzuri wake ndio huo, na ukikitupa mtaroni umepoteza fedha na kuziba maji.

Jina mara tatu

Kwa muhtasari, baada ya siku nzima mezani, mambo tuliyokubaliana ni haya. Kibandiko cha mzigo: maka nyeusi ya wino wa kudumu. Bei inayobadilika: maka ya ubao mweupe. Kibao cha nje: akriliki nyembamba juu ya karatasi iliyooshwa. Mazoezi ya wanafunzi: rangi za maji. Picha ya kuuza: akriliki, au rangi za maji zilizopulizwa vanishi. Chaki, mkaa na rangi ya mafuta vibaki kwenye karatasi, mbao na kuta zilizovizoea. Na kabla ya kununua pakiti nzima, nunua moja, iandike, iloweshe, ianike juani wiki moja.

Mama wa karanga alikata vibandiko kumi na viwili kwa mkasi, akavikata na kona ili zisiwe kali. Fundi alivitoboa kwa mashine ya kutobolea faili, kwa sababu tundu la duara halianzishi mpasuko kama tundu la kisu. Mama akaandika jina, idadi na mahali mzigo unapokwenda.

Kisha akafanya jambo ambalo hatukumfundisha. Kwa kuwa aliona spiriti ilivyofuta jina, alikata vibandiko vingine kumi na viwili, akaviandika vile vile na kutia kimoja ndani ya kila gunia kabla ya kulishona. Mara ya tatu akaandika kwenye daftari lake, gunia kwa gunia, na uzito wake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Nilimwuliza kama wale wenzake watatu nao watapata vibandiko. Alisema wawili ameshawapelekea. Wa tatu alikuwa anamsubiri apite. Alikuwa amemtengea kumi, na maka moja.